Ndege ya Kiti Kimoja

Karatu, 11 Februari 2024

Mwanangu Selestina,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima, ila magoti yana mambo yake. Maharage ya shamba la juu yameota vizuri, ya shamba la chini panya wamejihudumia. Kuku wa marehemu mama yako bado anataga chini ya kitanda changu; nilimfukuza mara mbili, sasa nimemwachia. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Sisemi hivyo kwa kulalamika, nakupa taarifa tu.

Na kama unashangaa kwa nini baba yako anatumia karatasi zama hizi, ni kwa sababu nimechoka kukupigia halafu mama wa kwenye simu ananiambia hupatikani. Karatasi haikatiki katikati ya sentensi, na Lekoko amekubali kubeba barua kwenye lori lake la mahindi bila kudai chochote.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka ile picha ya ndege nyekundu iliyokuwa ukutani gereji, juu ya kompresa? Yule mzee rubani aliyeniachia baada ya kumpakia rangi Land Rover yake aliandika vipimo vyote nyuma. Miaka ishirini niliiangalia nikipaka magari ya watalii rangi ya vumbi. Nilipostaafu, sikuondoka na kitu kingine gerejini zaidi ya hiyo picha. Basi, nimeanza kuichonga. Kila futi moja ya ndege yenyewe naifanya inchi moja. Mbao ni mringaringa, mwepesi na hauna kelele kwenye patasi.

Ni ndege ya mashindano ya miaka ya thelathini, babu yako alikuwa hajaoa bado. Haikubeba mzigo, haikubeba abiria. Kazi yake duniani ilikuwa moja: kuzunguka nguzo na kuwahi.

Ni ya mjukuu wangu. Najua bibi zako wangesema mtoto hatengenezewi kitu kabla hajafika. Bibi zako hawakuwa na muda mwingi kama mimi. Nafanyia kazi kwenye kile kijumba cha nyuma.

Msalimie mkwe wangu Clemensi akirudi.

Baba yako,
Bartolomeo


Kakesio, 2 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nikisahihisha insha za darasa la sita, watoto sabini na moja, na wote "wameamka asubuhi na mapema". Nilicheka peke yangu kwa habari ya kuku.

Sisi wazima. Clemensi bado yuko Ololosokwan kwenye kazi ya barabara, anakuja mwisho wa mwezi akipata gari. Miguu imevimba, viatu vya shule havinifai tena, nafundisha na kandambili na mkuu wa shule anajifanya haoni. Daktari anasema katikati ya Aprili. Jirani yangu Nashipai ananiletea maziwa kila asubuhi kwenye kibuyu na anasimama hapo mpaka nimalize, kama askari. Simu ningekupigia, lakini mtandao uko juu ya kilima, na kwa tumbo hili kilima nakiangalia tu.

Ndege zipo huku, zile ndogo za watalii zinapita juu kwenda Serengeti, na darasa zima linageuza shingo. Lakini Baba, umechagua ndege ya kiti kimoja. Mjukuu wako atakaa na nani? Mtoto hasafiri peke yake.

Na nina swali. Kijumba cha nyuma ni kile alichokaa Mama mwaka ule? Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka sahani ya bati yenye ukingo wa buluu na mtu akinipiga mkono nisiiguse. Nakumbuka Mama akinipungia kutoka mlangoni na mimi nashikiliwa. Mlikuwa mnasema anaumwa. Alikuwa anaumwa nini? Sijawahi kuuliza, na sasa najikuta nafikiria mambo ya akina mama muda wote.

Mwanao,
Selestina


Karatu, 24 Machi 2024

Mwanangu,

Leo ni Jumapili ya Matawi na mvua imetufukuza kanisani kabla ya matangazo. Mimi sijambo. Nimepika ugali wa kutosha watu watatu, kwa mazoea, na kuku amefaidi. Lekoko anasema barabara ya kwenu imeshakuwa tope na hatapita mpaka ikauke, kwa hiyo sijui utaisoma lini hii.

Mwili wa ndege umekamilika. Mabawa nimeyapachika jana, nikayafunga kwa uzi usiku kucha gundi ishike. Halafu puti. Watu wanadhani kazi ya rangi ni rangi. Kazi ya rangi ni puti na msasa: unapaka, unasugua, unafumba macho unapapasa kwa kidole, ukisikia kilima unarudia. Nimepapasa bawa la kushoto siku nne. Baada ya hapo praima ya kijivu, ile rangi ya chini, na hiyo nayo lazima ilale ikauke. Nyekundu itakuja mwisho. Ni nyekundu ileile ya pichani, nimeichanganya mwenyewe, nyekundu mbili na nukta ya njano.

Kiti kimoja ni cha haki, ndivyo ndege ilivyokuwa. Mtoto ataikumbatia alale nayo.

Kuhusu kijumba, kina mwanga mzuri asubuhi.

Kula vizuri. Mtoto akifika, Clemensi apande kilima anipigie hata kama ni usiku wa manane. Simu nalala nayo.

Baba


Kakesio, 19 Aprili 2024

(Haikutumwa.)

Baba,

Mtoto amefika na ameondoka. Alikuwa wa kike. Alizaliwa tarehe tisa, alfajiri, hapumui. Manesi walifanya yote ya kufanya, niliwaona. Tumemzika huku. Clemensi alikaa nami siku tano, kisha kazi ikamwita, na nikamwapisha asikupigie.

Nakwambia kwa nini. Siku ya pili nilipotoka hospitali, Nashipai alikuja kunichukua nikale kwake. Nilifika mlangoni mwake na mguu ukakataa kuingia. Nikakumbuka ile sahani. Hakuna aliyenifundisha, Baba, lakini nilijua yote kama niliyekariri: mama aliyefiwa na mtoto haingii nyumba za watu, hali na wenzake, njia yake ni ya pembeni, mpaka mwaka ugeuke. Nikakumbuka hata neno la Bibi la kutengwa huko, meeta. Ndipo nikajua Mama alikuwa anaumwa nini.

Wamaasai hawa hawana habari na mambo yetu. Hakuna anayenitenga. Najitenga mwenyewe, na mimi ni mwalimu, nimesoma, nasali. Sijui kama ninaamini. Najua tu kwamba siwezi kuleta hili nyumbani kwako. Nikikwambia, ama utafanya kama mlivyomfanyia Mama, ama utasema "njoo tu mwanangu" huku unanitengea kikombe. Sitaki kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo sitakwambia. Naandika tu ili sentensi hizi ziwe zimekaa mahali.


Kakesio, 5 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Lori limepita leo kwa mara ya kwanza, nimepata barua yako ya Matawi. Mvua iling'oa bati sita za darasa la tatu na sasa tumewabananisha na la nne. Mbuzi wa mkuu wa shule amekula daftari la mahudhurio. Clemensi anakusalimu.

Mimi nipo. Ndege ipake rangi yoyote utakayoona inafaa.

Lekoko anapiga honi.

Selestina


Karatu, 26 Mei 2024

Mwanangu Selestina,

Nakusalimu. Barua yako nimeisoma ikaisha kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Bati sita, mbuzi, daftari. Nimeigeuza nyuma nikaona hakuna kitu.

Huku baridi imeanza, ukungu unashuka kutoka msituni na hauondoki mpaka saa tano. Nimekohoa wiki moja, nimepona. Mahindi ni ya wastani.

Nimeharibu ndege. Mimi, niliyewafokea vijana gereji miaka ishirini, nimepiga nyekundu juu ya praima ambayo haijakauka. Niliona Aprili inaingia na mtoto yuko njiani, nikasema nitaiwahi. Kulipokucha rangi yote ilikuwa imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Hakuna dawa ya hilo. Ukipaka juu yake, mikunjo inaonekana zaidi. Inabidi usugue yote mpaka kwenye mbao uanze upya, na ndicho ninachofanya, kidogo kidogo, vidole vimekuwa vyekundu mpaka paroko ameniuliza kama nimechinja.

Selestina, nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalenda ya parokia. Clemensi hapokei simu yangu. Inaita mpaka inachoka. Naogopa kuuliza, kwa hiyo nakueleza habari za rangi.

Likizo ya Juni njoo nyumbani. Njoo na yeyote uliye naye. Ukija peke yako pia njoo.

Baba


Kakesio, 16 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Pole na kikohozi, na pole na rangi. Nilidhani wewe huwezi kukosea kitu kama hicho.

Sitakuja likizo hii. Nina mitihani ya kusahihisha, na barabara si nzuri. Usiningojee, usipike kwa watatu.

Nilikuuliza Machi Mama alikuwa anaumwa nini, ukanijibu habari za mwanga wa asubuhi. Kwa hiyo nawe usiniulize.

Nashipai anakuja mnadani Karatu tarehe saba ya mwezi ujao kuuza mbuzi. Barua hii nampa yeye. Anajua kuuliza njia, atakufikia.

Selestina


Karatu, 8 Julai 2024

Mwanangu,

Leo salamu zangu ni fupi, nisamehe. Mimi mzima.

Jirani yako alifika jana saa saba mchana, shuka jekundu, vumbi la mnada mpaka kwenye nyusi. Alinikuta kwenye kijumba nina msasa mkononi, nalainisha kibao cha kuisimamishia ndege. Nikamkaribisha kigoda, nikampa chai. Alikunywa, akaniangalia, kisha akaniuliza kama anayedai haki yake.

"Mzee, kwenu ni dini gani inakataza maziwa ya jirani?"

Nikamwambia hakuna dini hiyo.

"Basi huyu mwalimu tumemkosea nini? Zamani alikuwa anakunywa kwenye kibuyu changu mpaka mwisho. Sasa ananiambia mimina kwenye kikombe changu, kibuyu kisiguse. Nikimwita ndani anakaa nje, juani. Sahani yake anaiosha yeye, anaificha yeye. Kwenye maduka hapiti, anazunguka kule nyuma kwenye miiba. Watoto wangu wananiuliza kama mwalimu anatuona wachafu."

Sikungoja amalize. Nilijua alipotaja kikombe. Niliweka msasa chini, na nadhani uso wangu ulisema, maana aliacha kunifokea. Akasema taratibu, "Kumbe hawakukwambia." Ndipo akanieleza habari ya mtoto. Alikaa nami kwenye kijumba mpaka jioni, na gari lililokuwa limpeleke likamwacha. Amelala kwenye chumba chako. Huyo mama usimpoteze.

Sasa nakujibu ulichoniuliza Machi.

Mama yako hakuwa anaumwa. Mwaka ule alijifungua mtoto wa kiume, akaishi siku mbili. Bibi yako akasema meeta. Na mimi, niliyekuwa nafundisha katekisimu kila Jumamosi, nikamwambia paroko kwamba mke wangu ana kifua kikuu. Mwaka mzima alikaa kwenye kijumba hiki ninamokuandikia. Miaka yote nimewaachia watu waamini kwamba ni bibi yako aliyemweka. Bibi yako alikuwa mzee, hakuweza kuinua hata stuli. Kitanda nilikibeba mimi. Chakula nilikiweka kizingitini mimi, kwenye ile sahani, na nikageuka kabla hajafungua mlango ili tusionane. Mkono uliokupiga usiiguse ulikuwa wangu.

Jioni moja aliniita. Hakuniita Baba Selestina, aliniita kwa jina. Akasema, "Bartolomeo, usiingie, kaa hapo nje tu tuongee." Nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote, Selestina. Nilienda nikasimama nyuma ya zizi mpaka giza likaingia. Nilikuwa naogopa. Kuogopa nini, hata leo siwezi kukwambia vizuri. Niliogopa kifo kisiingie kwako, niliogopa mama yangu, niliogopa majirani, na zaidi ya yote niliogopa kumwona akilia.

Mwaka ulipogeuka alitoka, akaoga, akapika, tukaendelea. Hatukulitaja tena mpaka namzika. Miaka ishirini na saba. Alikuwa mcheshi kwa watu wote, wewe unajua, lakini mimi hakuniita tena kwa jina.

Kwa hiyo najua uliwaza nini. Uliwaza kwamba huyu mzee ataniwekea kikombe changu. Una haki ya kuwaza hivyo, maana ndivyo nilivyokuwa. Nami nimewaza jambo langu: kwamba nimemchongea mtoto kitu kabla hajafika, nikamponza. Nimelala na hilo usiku mmoja tu na tayari nimeona linavyokula mtu. Wewe umelala na lako miezi mitatu, peke yako, kati ya watu wanaokupenda. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, kwa kunyamaza.

Sikuombi unisamehe kwa niaba ya mama yako. Huwezi, na mimi sistahili. Nakwambia tu nitakachofanya. Ijumaa tarehe kumi na tisa nitapanda lori la Lekoko. Nitaingia ndani mwako. Nitakula na wewe sahani moja, nitakunywa kwenye kikombe chako baada yako, nitalala chini ya paa lako wiki nzima. Ukoo ukisikia, usikie. Nina miaka sitini na tisa, wanitenge basi, tuone nani atawapakia rangi milango yao.

Ukiniambia nisije, nitashuka Endulen, kabla ya kufika kwenu, nikungoje hapo mpaka ubadili mawazo.

Ndege imekamilika. Safari hii niliiacha kila rangi ilale siku zake. Iko sawa na picha, nambari sita ubavuni, kiti kimoja. Mkiani niliacha nafasi ya jina, na nafasi iko wazi. Sijui niilete au niiache. Sema wewe, nami nitafanya hivyo bila swali.

Baba yako,
Bartolomeo


Kakesio, 15 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Lekoko hajazima injini, kwa hiyo salamu ni hizo.

Nimesoma barua yako mara nne na nimekukasirikia mara zote nne. Ulivyomwambia Mama kwamba una kazi, hilo halitaondoka upesi, usije ukitegemea limeondoka. Nitakuuliza mengi na utajibu yote, hata yale utakayotaka kuyakwepa kwa habari za msasa.

Niliwahi kukuandikia Aprili, sikuituma. Wacha niandike tena, safari hii ikufikie. Mwanangu alikuwa wa kike. Alizaliwa tarehe tisa Aprili, alfajiri, hapumui. Alikuwa na nywele nyingi na kucha ndefu, nesi alishangaa kucha. Nilimshika mpaka kukapambazuka kabisa. Clemensi alisema anafanana na wewe, na nikacheka, Baba, pale pale, nikiwa nimemshika, nikacheka kisha nikashindwa kunyamaza. Hakuna mtu mwingine niliyetaka awepo ila wewe. Ndiyo maana sikukwambia.

Hukumponza. Usilale na hilo tena.

Ndege ilete. Ni yake.

Njoo na koti, upepo wa huku hauna adabu. Lori linashusha abiria kwenye maduka, mbele ya watu wote, pale ambapo sijapita tangu Aprili. Ijumaa nitakuwa nimesimama hapo kuanzia saa nne asubuhi, barabarani katikati, na Lekoko itabidi afunge breki.

Mwanao,
Selestina